Kabla ya kumnunulia kijana elektrodi, tazama rangi ya ncha

Kijana amepata nafasi katika chuo cha ufundi na orodha ya vifaa imefika nyumbani: ovaroli, buti, glovu za ngozi, kofia ya kuchomelea. Chini kabisa kuna mstari unaowaacha wazazi wengi njia panda: elektrodi za tungsteni kwa ajili ya TIG.

TIG ni uchomeleaji unaopendwa kwa kazi safi za chuma cha pua na alumini. Vijiti vya kawaida huyeyuka na kuisha, lakini tungsteni huhimili joto la zaidi ya nyuzi 3,400 za Selsiasi. Kazi yake ni kupitisha umeme, huku gesi ya agoni ikizuia hewa isiharibu kiungo.

Dukani, muuzaji atatoa pakiti zenye ncha za rangi tofauti. Rangi hizo si urembo. Nyekundu ina thoriamu, kwa kawaida asilimia 2. Dhahabu na bluu zina lanthanamu, kijivu ina seriamu, na kijani ni tungsteni tupu.

Mzazi anapaswa kuulizia hiyo nyekundu, kwa sababu thoriamu ina mionzi.

Hakuna haja ya kutaharuki. Mionzi yake kwa sehemu kubwa ni ya alfa, ambayo haipenyi ngozi. Kuishika elektrodi au kuibeba kwenye sanduku la vifaa kuna hatari ndogo sana. Tatizo huanza fundi anapoinoa ncha kwenye jiwe. Vumbi laini hupaa, na likivutwa, mionzi iliyoshindwa kupenya ngozi inakuwa imefika kwenye mapafu yenyewe. Vumbi hilo likivutwa kwa miaka mingi, hatari ya saratani huongezeka.

Kwa nini basi bado inauzwa? Huwaka kirahisi, ncha yake hudumu, na mafundi wengi wameizoea. Lakini ile ya bluu, yenye lanthanamu asilimia 2, hufanya kazi vizuri kwenye chuma na kwenye alumini pia, bila mionzi hiyo. Kwa kijana anayeanza, ambaye atanoa ncha mara nyingi kwa sababu mkono bado haujatulia, bluu au dhahabu ndiyo chaguo la busara. Kama orodha imetaja nyekundu, mzazi amuulize mwalimu iwapo nyingine itakubalika. Si kumfundisha kazi, ni kumlinda mtoto.

Kama nyekundu tayari zipo, jiwe la kuzinolea liwe la kazi hiyo tu, lenye kifaa cha kunyonya vumbi. Anayenoa avae miwani na barakoa ya kuchuja vumbi. Kitambaa cha kufunga puani hakitoshi. Vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi, lisipulizwe kwa upepo wa kompresa. Mikono ioshwe kabla ya kula.

Hata hivyo, kubadili rangi hakumalizi hatari zote. Mwaka 2017, wataalamu wa shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO waliuweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, pamoja na miale ya urujuanimno inayotoka kwenye moto huo. Agoni nayo haina harufu, na ikijaa kwenye chumba kisichopitisha hewa humkosesha mtu oksijeni kabla hajajua. Karakana iwe na hewa ya kutosha.

Macho nayo yana kisa chake. Anayeutazama moto bila kioo anaweza asihisi kitu mchana, kisha usiku macho yakawasha kama yametiwa mchanga. Maziwa si dawa ya macho, wala matone aliyobakiza jirani. Aende kituo cha afya.

Nyumbani, nguo za kazi zivuliwe kabla ya kumbeba mdogo wake, na zifuliwe peke yake. Karakana nyingi ziko pembeni ya nyumba, na watoto hupenda kukaa karibu na cheche. Wafundishwe kucheza mbali na moto na mbali na jiwe la kunolea.

Ujuzi huu utamlisha kijana miaka mingi. Mzazi akienda dukani, kabla ya kuuliza bei, ageuze pakiti aitazame ncha.