Kilima cha Marundo Matatu

Ndugu msomaji, mlima wa Wales uliopata kuusikia, kama upo, bila shaka ni Snowdon, wenye urefu wa mita 1,085, ambao hata treni huupanda. Leo nakualika kwenye kilima ambacho wageni wengi hukipita bila kukiuliza jina. Chaitwa Foel Drygarn, kiko magharibi ya nchi hiyo, katika safu ya Preseli, na kimo chake ni mita 363 tu.

Tunatoka kijiji cha Crymych kwa miguu, tukipita kati ya malisho ya kondoo. Vaa viatu imara, maana ardhi ya huko hushika maji hata katikati ya kiangazi. Mpando wa mwisho ni mkali, lakini mtoto wa shule auweza.

Kileleni utakuta marundo matatu makubwa ya mawe, makaburi ya watu wa Zama za Shaba. Ndiyo asili ya jina: kilima chenye kipara, chenye marundo matatu. Karne nyingi baadaye, watu wa Zama za Chuma walikizungushia kilele kuta za ngome, na ndani yake vingali vinaonekana viwanja vidogo vya nyumba zaidi ya 200. Wajenzi hao walihitaji mawe, na mawe yalikuwa pale pale mbele ya macho yao. Hata hivyo marundo yamesalia. Mimi nasadiki waliwastahi wafu wasiowajua.

Mwaka 1946 nusura milima hii ipotee. Ofisi ya Vita ya Uingereza ilitaka kuifanya uwanja wa kudumu wa mazoezi ya jeshi. Wakulima, walimu na wachungaji wa makanisa wakakataa katakata, wakihofu kwamba wenyeji wakiondolewa mashambani, lugha yao nayo itatawanyika. Mshairi Waldo Williams, aliyejifunza Kiwelisi akiwa na umri wa miaka saba kwa kucheza na watoto wa Mynachlog-ddu, kijiji cha jirani, aliitungia milima hiyo shairi mwaka ule ule. Kufikia 1948 mpango ulikuwa umeachwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, tukiteremka jioni, usishangae kumsikia mkulima akimwita mbwa wake kwa Kiwelisi.