Sura Katika Shaba

Wako wataalamu wasemao kwamba medali zilizofanywa Italia katika karne ya 15 ni vioo vya roho. Kwamba fundi aliyeweka uso upande mmoja na fumbo upande wa pili alituachia ushahidi wa tabia za wakuu wa zama zile. Neno hili nalikataa. Medali ile haikuwa ushahidi. Ilikuwa dai, na mwenye dai ndiye aliyemlipa fundi.

Haikuwa sarafu, maana haikununua hata mkate; wala haikuwa nishani ya kutundikwa kifuani. Fundi alifinyanga sura kwa nta, akafanya kalibu, akamimina shaba au risasi, akatoa nakala za kupelekewa marafiki na washirika. Mtawala asiyeweza kuingia nyumbani mwa mwenziwe kwa upanga aliingia kiganjani mwake kwa uso.

Mwaka 1438 Ioannes VIII Palaiologos, Kaisari wa Konstantinopoli, alifika Ferrara kuhudhuria mtaguso wa kanisa na kuomba msaada juu ya Waturuki. Pisanello akamfanyia medali, nayo yahesabiwa kuwa ya kwanza ya namna yake. Maandishi yake ya Kigiriki yamwita mfalme na mtawala mkuu wa Warumi. Warumi gani? Milki yake ilikuwa imebaki mji wenyewe na vipande vichache vya nchi. Alikufa mwaka 1448, na mwaka 1453 mji ukatwaliwa na Sultani Mehmed II. Naye Mehmed, asiyepungukiwa na majeshi, alifanyiwa medali na Mwitalia, Costanzo da Ferrara. Ziwekwe pamoja: kila moja ina uso mbele na mpanda farasi nyuma. Shaba haisemi ni nani mshindi na ni nani mwombaji; na wale wataalamu wetu, kama wasingejua historia, wangeusoma ukuu ule ule katika nyuso zote mbili.

Sigismondo Malatesta, bwana wa Rimini, aliijua kazi hii kupita wote. Matteo de' Pasti alimfanyia medali zenye mwaka 1446, zikionyesha ngome yake. Na bwana yule hakutosheka kuzigawa, bali alizifukia katika kuta za majengo yake. Kwa nini mtu afiche sura yake ukutani? Bila shaka hakuwa akisema na jirani zake, ambao walimjua mno. Alisema nasi.

Mwaka 1462 Papa Pius II aliamuru sanamu yake ichomwe moto Roma, na mwaka uliofuata akanyang'anywa karibu nchi yake yote. Wataniambia kwamba medali zake ni nzuri. Ni nzuri kweli; alilipia uzuri. Zilipotolewa kutani baada ya karne nyingi, ngome ilikuwa ingali imesimama nyuma ya kila uso, haina ufa hata mmoja.