Bendera Juu ya Bahasha: Ni ya Nani?



Miongoni mwa karatasi ambazo mteja wetu mmoja, mama mzee wa upande wa Ganze, alituletea ofisini zitumike katika kesi yake ya shamba, ilikuwamo bahasha nene ya mwaka 1964. Ndani yake mlikuwa na barua ya shemeji yake, aliyekuwa kibarua bandarini Mombasa, akimsihi kaka yake asitie kidole gumba juu ya karatasi yoyote aletewayo na mwenye shamba mpaka kwanza asomewe na mtu anayemwamini. Ushauri huo ungali mzuri hata leo. Lakini sisi tulioizungusha bahasha ile mikononi mwetu tulivutwa na kitu kingine. Pembeni, chini ya muhuri uliofifia, ilikuwapo stempu ya senti 50 yenye bendera ya Kenya.

Mama alituuliza kama stempu ile ina thamani yoyote mahakamani. Tukamjibu kwamba chenye thamani ni muhuri wa tarehe. Baada ya yeye kuondoka tulijiona kwamba tumejibu kwa haraka ya kiwakili.

Stempu hiyo ilitolewa tarehe 12 Desemba 1963, siku ile ile tuliyojipatia Uhuru. Ilikuwa mojawapo ya stempu 14, kuanzia senti 5 hadi shilingi 20, zilizokuwa za kwanza kutolewa kwa jina la Kenya iliyo huru. Hadi wakati huo barua za nchi hii zilikuwa zikisafiri kwa stempu zilizoandikwa Kenya, Uganda na Tanganyika, na juu yake kichwa cha Mfalme au Malkia wa Uingereza. Desturi hiyo Waingereza waliianza kwao tangu mwaka 1840: stempu zao hazitaji hata jina la nchi, kwa maana kichwa cha mtawala huhesabiwa kuwa ndicho nchi. Mnamo Desemba 1963 kichwa kile kiliondolewa. Mahali pake pakaja ng'ombe, vinyago, mbao, samaki, pareto, kahawa, chai, Bunge, na bendera. Mzee Jomo Kenyatta naye alikuwamo, kwenye stempu ya senti 30, akiuelekea Mlima Kenya. Stempu moja ya kiongozi, moja ya bendera, na zilizobaki ni kazi za wananchi na majengo yao. Huo ulikuwa mgawanyo wa haki. Mwambao ulipewa bandari ya Mombasa kwenye stempu ya shilingi 10, ambayo twadhani wakulima wa Ganze walioilamba ni wachache sana.

Msomaji wa bara huenda asitambue uzito wa bendera ile kwetu sisi wa Kilifi na Malindi. Pwani hii imepata kutiwa alama za watu wengi. Mreno alisimika nguzo yake Malindi, na ingalipo hadi leo. Kampuni ya Kiingereza iliyokodi ukanda huu kwa Sultani wa Zanzibar ilitoa stempu zake mwaka 1890, zenye jua na taji, na maneno yenye maana ya nuru na uhuru. Tuwe wakweli: ni kampuni hiyo hiyo ambayo Januari 1889 ililipa fidia ili watumwa waliokimbilia misheni ya Rabai wapewe hati zao. Lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika ukanda huu mpaka mwaka 1907, na mwaka uliofuata ikaja Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908, ambayo kwayo ardhi isiyodaiwa kwa maandishi ilihesabiwa kuwa ya Serikali. Mmijikenda hakuwa na maandishi. Kesi ya mama yetu wa Ganze ilianzia hapo, kabla yeye hajazaliwa. Nuru ile ya kwenye stempu ilimulika upande mmoja.

Kaskazini kidogo, Wajerumani walikuwa na posta yao Lamu tangu 1888 hadi 1891. Kisha, tangu mapatano ya 1895, Uingereza ilitawala Mwambao kwa niaba ya Sultani, na bendera yake nyekundu ikaendelea kupepea katika ukanda wa maili kumi hadi mwaka 1963. Mapatano yaliyoukomesha mpango huo yalitiwa sahihi Oktoba 1963. Wapo wazee wetu wa Mwambao walioipokea bendera mpya kwa moyo mzito, na hatuoni faida ya kulificha jambo hilo. Walichouliza kilikuwa na haki ya kujibiwa: bendera hii itatuhesabu na sisi?

Jibu lilikuwa limeshonwa katika bendera yenyewe, kwa yeyote aliyetaka kuliona. Nyeusi, nyekundu na kijani zilikuwa rangi za KANU. Mistari myembamba myeupe inayozitenga iliongezwa, na maana yake ikatajwa kuwa ni amani. Nyeupe ilikuwa pia katika bendera ya KADU, chama cha Ronald Ngala, mwana wa Kilifi hii, na wenzake akina Masinde Muliro. Kwa hiyo bendera iliyopandishwa usiku ule haikuwa ya chama kilichoshinda peke yake. Ilikuwa na nafasi, japo nyembamba, ya walioshindwa. Twaiona kuwa ndiyo sheria ya kwanza ya vyama vingi katika Kenya huru, iliyoandikwa kwa kitambaa.

Nafasi hiyo haikudumu. Novemba 1964 KADU ilivunjwa na wabunge wake wakavuka upande wa pili. Tarehe 12 Desemba mwaka huo, Kenya ilipotangazwa kuwa Jamhuri, zilitolewa stempu tano. Bendera haikuwamo. Alikuwamo Kenyatta, simba, ndege, ua, na, kwenye stempu ya senti 15, jogoo. Mtetezi wa Serikali angetujibu kwamba jogoo yumo pia katika ngao ya taifa, na kwa hiyo si wa chama. Hoja hiyo ina nguvu mahakamani. Nje ya mahakama, kila mtoto wa Kenya alijua jogoo huwika kwa nani.

Miaka 26 baadaye hapakuwa hata na haja ya hoja. Mwaka 1990 zilitolewa stempu za kuadhimisha miaka 30 ya KANU, na mojawapo ilibeba bendera ya chama. Tafadhali, ndugu, liwekeni jambo hili katika mwaka wake. Kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoingizwa mwaka 1982, kilikuwa kimeshaharamisha vyama vingine vyote. Uchaguzi wa mlolongo wa 1988 ulikuwa umeshawanyima watu siri ya kura, na gazeti la Baraza la Makanisa, Beyond, lililouandika ukweli huo lilikuwa limeshapigwa marufuku. Januari 1990 Mchungaji Timothy Njoya alihubiri juu ya mwisho wa utawala wa chama kimoja. Mei, Kenneth Matiba na Charles Rubia wakadai vyama vingi hadharani. Julai wakatiwa kizuizini na Saba Saba ikamwaga damu. Katika mwaka huo huo, mjane wa mtu aliyekufa katika ghasia zile, kama alitaka kumwandikia jamaa yake kijijini, angeweza kuuziwa bendera ya KANU dirishani, ailambe kwa ulimi wake mwenyewe, aibandike, na pesa zake zisirudi.

Wengi wetu tulikuwa shule ya msingi wakati huo. Twakumbuka kukariri Nyayo, na hatukumbuki mtu mzima aliyelalamika juu ya stempu. Palikuwa na mambo makubwa zaidi ya kulalamikia. Lakini Wakristo miongoni mwetu mtaikumbuka ile dinari aliyoletewa Bwana, na kwamba kabla ya kutoa jibu lolote aliuliza kwanza picha iliyokuwa juu yake ni ya nani. Swali la picha hutangulia swali la kodi.

Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991. Katiba ya 2010 imekwenda mbali zaidi. Ibara ya 9 yaitaja bendera, wimbo, ngao na muhuri kuwa alama za Taifa, na bendera imeelezwa rangi kwa rangi katika jedwali, mistari myeupe ikiwamo. Ibara ya 231 yasema kwamba noti na sarafu zaweza kuwa na picha za mambo ya Kenya, lakini zisiwe na sura ya mtu yeyote. Wakenya waliotoa maoni yao walikuwa wamechoka kubeba sura za watawala mifukoni. Sarafu mpya zilitoka Desemba 2018 na noti mwaka 2019. Na pale noti zilipoonekana zina jengo la KICC pamoja na sanamu ya Jomo Kenyatta mbele yake, mwananchi alikwenda Mahakama Kuu kulalamika. Alishindwa. Lakini alikuwa na Ibara ya kusimamia.

Kuhusu stempu, hana. Ibara ya 231 yahusu fedha tu. Kwa hiyo waziri wa kesho akitaka stempu yenye sura ya kiongozi aliye madarakani, au yenye alama ya chama chake, mwanasheria atakayempinga atalazimika kuzunguka sana: atataja Ibara ya 10 juu ya maadili ya utawala, atataja usawa, atataja matumizi ya fedha za umma. Huenda akashinda. Sisi tusingependa kuanza kesi ya namna hiyo tukiwa na “huenda”.

Tumeambiwa na rafiki mmoja, wakili mwenzetu, kwamba twapigana na kivuli, kwa kuwa siku hizi hakuna anayeandika barua. Kijana wa Mtwapa hutuma ujumbe kwa simu na pesa kwa M-Pesa. Posta yenyewe ina matatizo yake. Ni kweli kwamba barua zimepungua. Lakini taarifa za kisheria na vifurushi vingali vikipita posta, na stempu mpya huchapishwa bado, kwa jina letu sote. Tena ni sheria ndogo, na sheria ndogo ni rahisi kurekebishwa kabla haijavunjwa. Mwaka 1982 Kifungu cha 2A nacho kilikuwa na maneno machache sana.

Kuna sababu nyingine, nayo kwetu ndiyo kubwa. Sheria ya Bendera, Nembo na Majina ya Taifa yaweka mpaka wa nani aruhusiwe kupeperusha bendera juu ya gari: Rais na wakubwa wachache. Mvuvi wa Mayungu hana gari, na angekuwa nalo asingeruhusiwa. Stempu ya senti 50 ilimpa ruhusa hiyo. Kwa nusu shilingi bendera ilisafiri juu ya jambo lake yeye, mgonjwa wake, mahari yake, shamba lake, na karani wa posta alilazimika kuipokea. Na ndani ya bahasha yalikuwamo maneno ambayo Serikali haikuwa na haki ya kuyasoma. Katiba ya zamani, katika kifungu cha 79, ililinda mawasiliano ya mtu. Ya sasa yailinda siri yake katika Ibara ya 31. Twajua jinsi kifungu cha 79 kilivyoheshimiwa katika miaka ya 1980, wakati mtu alipoweza kwenda jela kwa kukutwa na kijikaratasi cha Pambana au Mpatanishi. Bendera nje ya bahasha na siri ndani yake ni ahadi moja. Aliyeibadilisha bendera ya nje kuwa ya chama alikuwa ameshaifungua barua.

Juni 2024 tuliwaona vijana wa nchi hii, na wa pwani hii wakiwamo, wakitembea barabarani wakiwa wamejifunga bendera mabegani. Hakuna aliyekuwa na bendera ya chama. Baadhi yao walizikwa nayo. Tuliposoma hoja kwamba bendera haipaswi kutumiwa ovyo ovyo mitaani, tulijiuliza ingetumiwa wapi kwa heshima zaidi.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi. Sheria ya Shirika la Posta ya 1998 iongezwe kifungu kimoja: stempu isibebe sura ya mtu aliye hai ambaye ni mwanasiasa, wala bendera, alama au kauli ya chama chochote. Hatutaki marufuku iwakumbe marehemu mashujaa. Tungefurahi siku moja kumwona Mekatilili wa Menza akipita dirishani Kaloleni. Wenzetu wawili wangependa kifungu kiwakataze wanasiasa wote, hai na wafu, na katika hilo hatujakubaliana bado. Tena tunaomba kila mwaka, ifikapo 12 Desemba, bendera irudi kwenye stempu ya bei ya chini kabisa.

Ibara ya 119 yampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Rasimu imekwisha kuandikwa, kurasa mbili tu. Wazee wa makanisa na maimamu wa Kilifi, Malindi, Kaloleni na Ganze watapewa nakala ili zisomwe kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kigiriama, kabla ya mtu yeyote kutia sahihi au kidole. Mama yetu wa bahasha alisomewa wiki iliyopita. Aliuliza maswali matatu, akataka neno moja lifutwe, tukalifuta, kisha akatia kidole.