Nusu Siku Kisiwani, Nusu Siku Mlimani

Mtu akikaa gatini Lamu asubuhi, wakati maji yanapojaa, atawaona wageni wakishuka ngazi kuingia mashuani. Wamekodi chombo chao peke yao, pamoja na nahodha na mwongozi, kwa muda wa nusu siku tu. Hupelekwa kisiwa cha Manda, wakapita katikati ya mikoko hadi magofu ya Takwa. Huko huuona msikiti wenye nguzo juu ya kibla, na kaburi la nguzo lenye tarehe ya mwaka 1094 wa Hijra. Wakisha kupiga picha hurudi mbio kabla maji hayajatoka.

Si Lamu tu. Kule Ugiriki, katika kisiwa cha Rhodes, meli hushusha abiria asubuhi; kila jamaa hukodi gari lao na mtu wa kuwazungusha, na kabla ya jioni wamekwisha rudi melini. Wapo kati yetu wanaozicheka safari za namna hii. Husema, mtu ataona nini kwa nusu siku? Mwenyeji mwenyewe ameishi hapo miaka sitini na bado hajayajua yote.

Mimi siwacheki wageni hao. Nusu siku yatosha kwa mwenye kuuliza vizuri na kunyamaza akasikiliza. La kusikitisha ni kwamba sisi watu wa pwani tumezoea kuwa wenyeji tu. Twajua kupokea mgeni, kumwonyesha milango yetu ya nakshi na kumnywesha kahawa. Lakini ni wangapi kati yetu waliowahi kutoa nusu siku yao kwenda kuwa wageni wa watu wa bara? Twenda bara kwa mazishi, kwa kesi, kwa hospitali na kwa biashara. Kwenda kutazama na kusikiliza, hapana.

Chukua mfano wa Meru na Embu. Mtu wa Mombasa akitajiwa Meru, jambo la kwanza analolifikiri ni miraa. Akitajiwa Embu, ni muguka. Wasomaji watakumbuka mzozo wa Mei 2024, Gavana wa Mombasa alipopiga marufuku muguka, na Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Wakulima wa Mbeere walilalamika kwamba riziki yao imekatwa. Rais akasema amri zile hazina nguvu, na Mahakama Kuu ya Embu ikazisimamisha. Mimi sisemi kwamba wazazi wa pwani walikosea kuwalilia watoto wao. Nasema tu kwamba majirani ambao hawajuani ila kwa jani moja, hata ugomvi wao hauwezi kwisha vizuri.

Basi nilipojaliwa kufika Meru, nilifanya kama wafanyavyo wageni wa Lamu. Nilikodi gari kwa nusu siku, na dereva wake, kijana wa Tigania, akawa ndiye mwongozi wangu. Tulipatana bei kabla ya kuondoka, jambo ambalo namnasihi kila msafiri alifanye, tukaanza safari jua likiwa bado changa na Mlima Kenya umejifunika mawingu. Kwa mtu wa joto kama mimi, baridi ya asubuhi ya pale si mchezo. Koti ni lazima.

Tulianzia katika Makumbusho ya Meru, yaliyomo katika nyumba ya mawe iliyojengwa mwaka 1916 kuwa ofisi ya mkuu wa wilaya wa Kizungu. Uani wamejenga mji wa Kimeru wa zamani, na wamepanda miti ya dawa. Nilikuwa naitazama miti hiyo wakati kijana aliponiuliza, kwa adabu, "Mzee, nyumbani ni wapi hasa?" Nikamjibu, Lamu. Akacheka. "Basi karibu nyumbani, mzee. Hata sisi tumetoka huko huko kwenu."

Nilidhani ni mzaha wa madereva. Haukuwa mzaha. Katika njia ya kwenda Nchiru, palipo na makao ya Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa Kimeru, alinisimulia habari ambazo kila mtoto wa huko aliyelelewa na babu yake amezisikia. Nazieleza hapa kwa ufupi.

Wameru husema kwamba wazee wao wa kale walikaa mahali paitwapo Mbwaa, kisiwani, kwenye maji makubwa. Huko walitawaliwa na watu walioitwa Nguo Ntune. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mfasiri wa neno la kwanza, kwani nguo kwao ni nguo kama kwetu. Na ntune maana yake ni nyekundu. Hao Nguo Ntune waliwafanya watumwa, wakawapa kazi zisizowezekana. Waliambiwa walete kiatu chenye manyoya pande zote mbili; wakakitengeneza kwa ngozi ya shingo ya ng'ombe inayoning'inia. Waliambiwa walete mbwa mwenye pembe. Wakambandika pembe za paa mdogo. Mwisho waliambiwa wafue mkuki wa kufika mbinguni. Hapo kiongozi wao, Koomenjwe, akaona kwamba dawa ni moja tu, kukimbia. Wakatoka usiku. Walipofika majini akayapiga kwa fimbo yake, maji yakagawanyika, watu wakavuka. Waliovuka usiku wakaitwa Njiru, yaani weusi. Waliovuka alfajiri wakaitwa Ntune, wekundu. Na waliovuka kumekucha wakaitwa Njeru, weupe. Hadi leo koo za Kimeru hujigawa kwa majina hayo.

Muislamu akisikia fimbo na maji yaliyogawanyika, mara moja atamkumbuka Nabii Musa, amani iwe juu yake. Wapo wanaosema kwamba sehemu hiyo iliingia baadaye, kwa mafunzo ya wamisheni. Huenda ikawa. Lakini habari za Mbwaa na Nguo Ntune zimeandikwa na wengi waliozikuta kwa wazee. H. E. Lambert, aliyekuwa mkuu wa wilaya huko Meru, aliziandika. Naye ndiye yule yule aliyekuja kuandika vitabu juu ya lahaja zetu za Kivumba na Kijomvu. Padri wa Kiitalia, Bernardo Bernardi, alizitaja katika kitabu chake juu ya Mugwe, kiongozi wa dini ya Wameru wa kale, kilichotoka mwaka 1959. Na Mmarekani Jeffrey Fadiman, baada ya kukaa na wazee wengi, alisema kwamba kwa maoni yake hiyo Mbwaa ni Manda.

Manda! Kisiwa kile kile ambacho wageni wetu hukizunguka kwa nusu siku. Nimekwenda Takwa tangu utotoni. Najua kwamba watu wa Shela huenda pale kuomba mvua, na kwamba mji ulihamwa yapata mwaka 1700. Lakini sikupata kusikia hata siku moja kwamba wako watu, mamia ya maili kutoka baharini, ambao babu zao huwaambia watoto: kisiwa kile ndicho tulichotoka.

Sasa twende kwenye jambo lenyewe, ambalo ni zito. Hao Nguo Ntune walikuwa nani? Wameru wengi, ukiwauliza, watakujibu bila kusita: Waarabu, au watu wa pwani. Yaani sisi. Nakiri kwamba nilipoambiwa hivyo garini nilihisi uso kunipata joto. Ulimi ulitaka kujibu kwamba hizo ni hadithi za kutunga, kwamba mambo ya utumwa yamekuzwa na wamisheni ili waichafue dini yetu. Nilijizuia. Nashukuru kwamba nilijizuia.

Kwanza, utumwa ulikuwapo. Katika pwani hii ya Kenya ulifutwa kwa sheria mwaka 1907, na mashamba ya Malindi na Mombasa hayakulimwa kwa mikono ya wenyewe. Nani asiyejua hayo? Dini yetu yatuamuru tusimamishe haki hata kama ushahidi watuelekea sisi wenyewe au wazazi wetu. Mtu akikueleza alivyoumizwa babu yake, kumwambia asahau si katika haki, wala si katika adabu ya mgeni.

Pili, kusikiliza si kukubali kila neno. Wataalamu wenyewe hawakubaliani. Wapo wasioamini kwamba Mbwaa ilikuwa pwani, maana lugha ya Kimeru yafanana mno na ya Wakikuyu, Waembu na Wakamba, ambao wana habari nyingine za asili yao. Nguo nyekundu nazo si ushahidi wa kumtosha kadhi. Yawezekana kabisa kwamba Nguo Ntune hawakuwa Waislamu wala watu wa Lamu. Lakini hayo ni ya kuzungumzwa baada ya kusikiliza, si kabla.

Tatu, kwa wale wanaosema kwamba hadithi ni hadithi tu, nawauliza: na zile jahazi saba zilizotoka Shirazi? Sisi nasi twasimulia kwamba wazee wetu walikuja kwa vyombo saba, kila chombo kikatia nanga mji wake. Wataalamu wa siku hizi wanaishuku habari hiyo pia, na kusema kwamba miji yetu ilikua papa hapa, kwa watu wa papa hapa. Hata hivyo hatupendi kuchekwa kwa ajili yake, kwani yatueleza sisi ni nani na tulikuwa na uhusiano na nani. Basi usicheke mkuki wa kufika mbinguni wa mwenzio, hali wewe unazo jahazi saba.

Nchiru tulikaa kidogo. Si mahali pa kuingia ovyo. Mgeni husubiri ruhusa, kama vile mtu asivyoingia msikitini kwetu na viatu. Leo Chuo Kikuu cha Meru cha Sayansi na Teknolojia kipo hapo hapo Nchiru, na vijana wenye vitabu hupita karibu na makao ya wazee. Tulirudi mjini kwa wakati, nikawahi adhuhuri msikitini. Nusu siku ilikuwa imekwisha, nami nilikuwa nimeijua Manda kuliko nilivyoijua kwa maisha yangu yote.

Kesho yake niliteremka kwenda Embu, kwa njia ya Nkubu, Chogoria na Chuka. Njia hiyo ina mabonde na kona za kutisha. Kwenye daraja la Nithi, Julai 2022, lilitumbukia basi lililokuwa likitoka Meru kuja Mombasa, wakafa watu zaidi ya 30. Nilipopita hapo niliwaombea dua. Wamo katika vifo vile watu wa mlima na watu wa bahari pamoja, na hilo latosha kutuonyesha kwamba njia yetu ni moja.

Karibu na Runyenjes nilionyeshwa upande wa msitu mdogo wa Mwenendega, ambaye Waembu humtaja kuwa baba yao wa asili. Husimulia kwamba alimkuta mwanamke mzuri penye maji, akamwoa, na kizazi chao ndicho Waembu. Tazama basi: huyu ametoka kisiwani akikimbia, jirani yake, mwendo wa saa chache tu, asema asili yake ni hapa hapa penye kijito. Na sisi tuliopo huku chini huwaita wote kwa neno moja, "watu wa bara", tukadhani tumekwisha kuwaeleza.

Ninayo mapendekezo mawili. La kwanza lawahusu waongozi wetu wa Lamu. Makumbusho ya Lamu na ya Meru yako chini ya shirika moja la taifa. Ni gharama gani kubwa kuwapeleka waongozi wa Takwa Meru kwa siku chache, na wa Meru wakaletwa Takwa? Mgeni afikaye Manda aambiwe habari za Mbwaa pia, na aambiwe kwamba hazijathibitishwa. Nina hakika kwamba mzee wa Kimeru akisimamishwa mbele ya msikiti ule wenye nguzo atakuwa na mengi ya kusema, na mzee wa Shela atakuwa na mengi ya kumjibu.

La pili latuhusu sisi wenyewe. Unapokwenda bara kwa shughuli zako, ongeza nusu siku. Usizunguke peke yako na simu mkononi. Tafuta mtu wa pale, mlipe haki yake, umwambie akupeleke mahali ambapo babu yake angekupeleka. Kisha muulize wanasema nini juu yetu. Huenda usilipende jibu. Lakini twalilia kila siku kwamba bara haitujui wala haituthamini. Je, sisi tumewauliza lini?

Kijana wa Tigania aliniambia tulipoagana kwamba hajapata kuiona bahari. Nimemwalika Lamu. Inshallah akija, mashua ya Manda nitaikodi mimi, kwa nusu siku, na safari hii mwenye kusimulia atakuwa yeye.