NURU IVUKE MABONDE YA ULUGURU

Asubuhi isiyo na mawingu, mtu aliyesimama mjini Morogoro akiinua macho kuelekea kusini huona kilele cha Bondwa na milingoti ya mawasiliano iliyosimikwa juu yake. Milingoti ile yautazama mji, na mji wanufaika. Lakini mlima hauna uso mmoja. Nyuma ya migongo yake wako watu wa Mgeta, Bunduki na Nyandira upande wa magharibi, na watu wa Kinole na Matombo upande wa mashariki. Katika mabonde membamba ya huko, mawimbi ya redio hukatwa na mlima kama jua linavyokatwa na ukuta, na wenyeji hujua ni jiwe gani la kusimama juu yake ili simu ipate mtandao. Mkulima wa kabichi asiyepata mtandao huuza kwa bei aliyoitaja dalali. Mhudumu wa zahanati atakaye shauri la daktari aliye mjini hana budi kwanza apande kilima, na mgonjwa amngoje.

Sisi twaona kwamba iko njia ya kupunguza taabu hiyo, nayo ni kuitumia nuru. Tusemapo nuru hatusemi kwa mafumbo ya mhubiri. Twasema nuru hii hii ya taa na ya jua, ifanywe tarishi.

Wako watakaocheka. Na wakumbuke kwamba kila siku wanazungumza kwa nuru bila kujua. Mkongo wa Taifa, upitao Morogoro kutoka Dar es Salaam kwenda bara, ni nyuzi za kioo, na kinachopita ndani yake ni nuru. Mikongo ya baharini ni hivyo hivyo. Mwezi Mei mwaka 2024, mikongo miwili ya pwani yetu ilipokatika, benki na ofisi zilihangaika, na hata wasiojua neno mkongo walilijifunza kwa siku moja. Basi nuru ni mtumishi wetu wa zamani. Jipya ni kumtoa katika waya, apite hewani.

Kwa nini tumtoe? Kwa sababu barabara ya redio imejaa. Simu, televisheni, ndege, polisi na majeshi, wote hugawana masafa yale yale, na ndiyo sababu Mamlaka ya Mawasiliano huyagawa kwa leseni na kuyapigia mnada. Masafa ya redio yote huishia kwenye mitikisiko bilioni 300 kwa sekunde. Nuru ionekanayo kwa macho huanzia karibu trilioni 400 na kufika karibu trilioni 790. Upana wa nuru peke yake wapita upana wote wa redio mara elfu moja na zaidi. Hatusemi kwamba upana wote huo waweza kutumika leo, kwa maana taa na vipokezi vina kikomo chao. Lakini shamba lipo, nalo halijalimwa.

Wazo lenyewe si la jana. Katika vita ya 1914 hadi 1918, majeshi yaliyopigana katika nchi hizi yalipelekeana habari kutoka kilima hadi kilima kwa vioo vilivyomulika jua. Na kabla ya hapo, mwaka 1880, Alexander Graham Bell, yule yule wa simu, alituma sauti ya mtu mjini Washington kwa mwali wa jua, umbali wa mita 213. Yasemwa kwamba chombo hicho alikithamini kuliko simu yenyewe. Wingu lilipopita, sauti ilikoma. Na hilo twaomba msomaji aliweke moyoni, maana tutalirudia.

Mwaka 2011 Profesa Harald Haas wa Chuo Kikuu cha Edinburgh aliwaonyesha watu taa ya mezani iliyokuwa ikipeleka picha za sinema huku ikiwaka. Taa za LED zaweza kuzimwa na kuwashwa mara mamilioni kwa sekunde, na jicho la mwanadamu haling'amui, bali kipokezi kidogo hung'amua na kusoma maneno yaliyomo katika kumetameta huko. Mambo hayo huitwa Lai-Fai, na mwaka 2023 mafundi wa dunia waliyawekea kanuni ya pamoja ili vyombo vya viwanda mbalimbali vielewane. Katika wodi ya hospitali, ambamo mawimbi ya redio yaweza kuvuruga mitambo, faida yake ni dhahiri. Na nuru haipenyi ukuta. Siri ya chumba hubaki chumbani.

Lakini kwa wito wetu wa leo, taa hiyo si ya kwanza. Simu zilizomo mifukoni mwa wananchi hazina kipokezi chake. Tena, taa ya darasani Nyandira itatuma nini ikiwa hakuna njia ya kuifikishia habari? Twaogopa kwamba ufundi huu utaingia nchini kwa mlango wa hoteli kubwa na ofisi za ghorofa, uwe pambo, kisha tuambiwe kwamba Tanzania nayo inayo. Pambo hatulitaki.

Tulitakalo ni mwali uvukao bonde. Mfano uko kwa jirani zetu. Miji ya Brazzaville na Kinshasa yatazamana ng'ambo ya mto Kongo, lakini kuipitishia mkongo nchi kavu kulihitaji mzunguko wa zaidi ya kilomita 400. Mwaka 2021 mafundi wa mradi uitwao Taara, uliozaliwa katika kampuni ya Alphabet ya Marekani, walisimamisha chombo ukingo mmoja na chombo ukingo wa pili, vikatazamana kwa umbali wa kilomita karibu 5. Kwa siku 20 mwali ule ulivusha data terabaiti 700 hivi, na haukukosekana ila kwa sehemu moja ya elfu ya muda wote. Nchini Kenya pia vyombo hivyo vilianza kazi. Nuru yake, kwa haki ya kusema kweli, jicho haliioni, kwa maana iko chini kidogo ya nyekundu. Lakini ni ndugu wa damu wa nuru ya taa. Mwali mmoja waweza kubeba gigabiti 20 kwa sekunde hadi kilomita 20, pasipo kuchimba hata mtaro mmoja.

Na mtaro Uluguru ni gharama na ni hatari. Ardhi ile huporomoka mvua ikizidi. Mwaka 2023 Serikali ilitiliana saini na kampuni za simu kujenga minara 758 vijijini, jambo ambalo twalipongeza bila kusita. Lakini mnara nao wahitaji njia pana nyuma yake ya kupelekea na kuletea habari. Mnara usio na njia hiyo ni tangi kubwa lililofungwa kwenye mrija mwembamba: wanakijiji wataona alama ya mtandao kwenye kioo cha simu, na picha ya eksirei ya mgonjwa haitaondoka. Hapo ndipo mwali wa nuru ungefaa, kutoka kwenye mkongo ulioko bondeni hadi begani mwa mlima, na kutoka bega hilo hadi la pili.

Sasa turudi kwenye wingu la Bell. Adui wa nuru ni ukungu. Matone yake hutawanya mwali, wakati mawimbi marefu ya redio hupita kama hayakuona kitu. Wenye mradi wa Taara wenyewe walikiri kwamba mji kama San Francisco, wenye ukungu mwingi, haukifai chombo chao. Na Uluguru, je? Upande wa mashariki hupokea upepo wa Bahari ya Hindi, na Kinole ni miongoni mwa sehemu za nchi hii zinyeshewazo zaidi. Anayeahidi mwali usiokatika huko Kinole, mwananchi na amshuku. Upande wa Mgeta ni mkavu zaidi, ingawa nao una asubuhi zake za ukungu. Kwa hiyo twasema mwali usiachwe peke yake. Uwekwe pamoja na redio, hata ikiwa nyembamba, ili nuru ibebe mzigo mkubwa wakati wa anga safi, na redio ishike simu ya mgonjwa na ya mkunga wakati mlima umejifunika.

Jambo moja zaidi, nalo laweza kuwauma wataalamu. Mlima huu hausahau. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilileta mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru, ikawalazimisha watu kuchimba matuta. Nia ya kuzuia mmomonyoko ilikuwa na maana. Lakini kazi ilikuwa nzito, faida haikuonekana shambani, na mwenye shamba hakuulizwa. Mwaka 1955 watu walikataa, Matombo pakawa na ghasia na damu ikamwagika, na mpango ukafa. Chombo cha nuru si jembe la kulazimishwa, twajua. Hata hivyo kitasimama juu ya ardhi ya ukoo fulani, kitahitaji umeme wa jua na mlinzi, na mti ukikua mbele yake kitapofuka. Ni nani atakayeukata mti huo, na kwa idhini ya nani? Swali hili likaulizwe katika mkutano wa kijiji kabla ya boliti ya kwanza kukazwa.

Basi twautaka Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote utenge fedha za jaribio moja tu, upande wa Mgeta. Kabla ya kununua chochote, vijana wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wa Mzumbe, ambao mlima huu uko dirishani mwao, wapewe taa, kipokezi na daftari, wapime ukungu wa mabega ya mlima saa kwa saa kwa mwaka mzima, masika na kiangazi. Gharama yake ni ndogo kuliko ya semina moja ya hotelini. Mamlaka ya Mawasiliano nayo itamke mapema kama mwali wa nuru utatakiwa leseni, kwa kuwa katika nchi nyingi hauhitaji leseni ya masafa kama redio, na mtu hawezi kupanga bajeti akiwa gizani. Daftari za vipimo zibandikwe katika ofisi ya kata, ili watu wa Nyandira wazisome nao wajue ni asubuhi ngapi mwali ungeliwafikia, na ni ngapi usingeliwafikia.