JICHO SI KIPIMO CHA UKIMWI



Katika vijiji vyetu wapo watu waliojipa kazi ya upimaji. Hawana maabara wala cheti, wanatumia macho tu. Akipita mtu mwenye vipele mikononi, au kovu la mkanda wa jeshi ubavuni, wao wamekwisha kutoa majibu: "Huyo anao." Mimi ni mganga msaidizi katika zahanati ya kijiji, na maoni yangu ni kwamba upimaji wa namna hii unaumiza wananchi.

Kwanza, majibu yao si ya kuaminika. Mkanda wa jeshi huletwa na virusi vya tetekuwanga. Mtu akipona tetekuwanga, virusi hivyo hubaki vimejificha kwenye mishipa ya fahamu kwa miaka mingi. Kinga ya mwili ikipungua huamka, na malengelenge yenye maumivu makali hutokea upande mmoja wa mwili. VVU hupunguza kinga, lakini hata uzee huipunguza. Utando mweupe mdomoni nao huwapata watoto wachanga na wenye kisukari. Tena, mtu anaweza kukaa na VVU miaka kadhaa ngozi yake ikiwa safi kabisa.

Pili, maneno hayo huwafanya watu wafiche ugonjwa. Dawa ya mkanda wa jeshi hufanya kazi vizuri zaidi ikianza kutumiwa katika siku 3 za mwanzo tangu malengelenge yatokee. Mwenye kuogopa kusemwa kisimani hujifunika kanga, akapaka majivu, akangoja. Anapofika kwetu siku zimepita. Malengelenge yakiwa karibu na jicho, kuchelewa huko kunaweza kumpofua.

Je, dalili za ngozi na mdomo hazina maana? Zina maana kubwa, lakini maana yake ni kwenda kupima, si kunyoosheana vidole. Fika zahanati mapema ukiona mambo haya:

1. Utando mweupe mdomoni kwa mtu mzima. Ukisikia na maumivu unapomeza chakula, usikae nyumbani, kwani huenda ugonjwa umeshuka kooni.

2. Vipele vinavyowasha sana mikononi na miguuni, vinavyoacha madoa meusi na kurudi tena.

3. Mabaka ya zambarau au meusi kwenye ngozi, ufizi au kaakaa, hata kama hayaumi. Hiyo yaweza kuwa saratani ya Kaposi, ambayo hutibiwa hospitali.

4. Vidonda vya sehemu za siri vinavyokaa zaidi ya mwezi mmoja.

Kupima VVU ni tone la damu kidoleni, na majibu hutoka siku hiyo hiyo. Hapa Tanzania, tangu mwaka 2016, kila anayekutwa na VVU huanzishiwa dawa bila kungoja kinga yake ishuke. Dawa hizo hutolewa bure. Kinga ikipanda, vipele vingi hupungua na utando hauna tena nafasi ya kurudi rudi.

Wewe uliyeanza dawa, sikiliza jambo hili. Katika wiki za mwanzo vipele vingine huweza kuzidi kwa muda. Usiache dawa kwa uamuzi wako, njoo tukuangalie. Lakini ukitokwa na malengelenge mwilini pamoja na homa na vidonda mdomoni au machoni, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Huenda mwili umeikataa dawa mojawapo, na hiyo ni hatari.

Ndugu wananchi, hakuna anayeambukizwa VVU kwa kumshika mkono mwenye vipele au kula naye sahani moja. Viongozi wa vitongoji na kamati za afya walisemee jambo hili mikutanoni. Nasi wahudumu tutunze siri za wagonjwa, maana mgonjwa aliyesikia habari zake sokoni hatarudi.

Jirani yako akitokwa na malengelenge leo, mwambie: "Twende zahanati, nitakusindikiza." Ukimwambia hivyo ndani ya siku 3, umemsaidia kuliko dawa yoyote ya kupaka.