Mgeni Hupanga, Mwenyeji Naye Apange

Miongoni mwa safari zilizoenea duniani katika miaka ya karibuni ni moja ambayo wengi wetu visiwani hatukuitarajia: mtu hukata tikiti ya ndege na kuvuka bahari, si kwa kutaka kuona jumba la kale wala wanyama wa porini, bali kwa kutaka kuzuru viwanda vidogo vya bia, kimoja baada ya kimoja, na kuonja kinywaji kilichopikwa na kuuzwa chini ya paa moja. Wasafiri wa namna hii huanza maandalizi miezi kadhaa kabla. Huuliza kiwanda gani hufunguliwa siku gani, gari-moshi gani hufika wapi, na nani hapokei mgeni asiyeweka miadi. Na miji inayowapokea imekwisha kujipanga ipasavyo ili kila senti wanayoiacha iwe na mahali pa kutua.

Gazeti hili halikusudii kuisifu pombe. Wakazi walio wengi wa visiwa hivi ni Waislamu, na hukumu ya kilevi katika dini yao wameisoma chuoni tangu utotoni. Hapana haja ya kuirudia hapa. Tunalolitazama ni jambo jingine, nalo ni namna vijiji na miji midogo ya watu wengine ilivyokichukua kitu chake cha kienyeji, ikakitia katika mpango, na ikafanikiwa kuishi kwacho. Mwenye busara hujifunza hata kwa yule asiyeshirikiana naye mezani.

Yafaa kwanza tujue chanzo. Mwaka 1971 lilianzishwa kundi la wanywaji wa Uingereza waliochoshwa na viwanda vikubwa vilivyokuwa vikiuza bia ya aina moja nchi nzima. Kundi hilo, CAMRA, lilitetea bia ya jadi inayoendelea kuchacha ndani ya pipa, na kuanzia mwaka 1974 likatoa kitabu cha kila mwaka cha kumwongoza msafiri. Katika Marekani, marufuku ya pombe ya mwaka 1920 hadi 1933 iliviua viwanda vingi, na hata baada ya marufuku kuondolewa, sheria za majimbo mengi zilimkataza mpishi wa bia kumuuzia mnywaji moja kwa moja. Mwaka 1978 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyoruhusu watu kupika bia nyumbani kwa matumizi yao wenyewe. Mwaka 1982, katika mji wa Yakima, jimbo la Washington, Bert Grant alifungua kilabu cha kwanza kupika na kuuza bia yake palepale tangu marufuku ile. Nchi ambayo mwishoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa na viwanda vya bia visivyofika 100, leo inavyo zaidi ya 9,000. Sheria ilipofungua mlango, mtu mdogo alipita.

Tuiangalie sasa nchi ya Ubelgiji, ambayo utamaduni wake wa bia uliandikwa na UNESCO mwaka 2016 katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika. Msafiri anayetua Brussels anaweza kutembea kwa miguu kutoka stesheni kuu ya kusini hadi kiwanda cha Cantillon, kilichoanzishwa mwaka 1900. Kiwanda hiki hakitii hamira kwa mkono. Maji ya kimea yaliyochemshwa humwagwa usiku katika sinia pana la shaba chini ya paa, na vijidudu vilivyomo hewani vikaanza kazi ya kuyachachua. Ndiyo maana hupika katika miezi ya baridi tu. Baadaye bia hulala katika mapipa ya mbao, mwaka mmoja, miwili, hata mitatu, kisha ya umri mbalimbali huchanganywa pamoja. Tangu mwaka 1978 wenye kiwanda wamekifanya pia kuwa makumbusho. Mgeni analipa kiingilio, anazunguka, anaona sinia na mapipa, anapewa cha kuonja, na akitaka ananunua. Hakifunguliwi kila siku, wala hakuna anayekilalamikia kwa hilo, kwa sababu siku zake zinajulikana tangu mbali.

Kutoka hapo, kwa mwendo wa kiasi cha saa moja kwa gari-moshi, msafiri hufika Brugge. Mji huu una jambo la kutuhusu moja kwa moja, kwani kitovu chake cha kale kiliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2000, mwaka uleule ulioingizwa Mji Mkongwe wetu wa Zanzibar. Ndani ya mji huo kipo kiwanda cha De Halve Maan, kilichoshikwa na familia moja tangu mwaka 1856. Mwaka 2010 kazi ya kutia bia katika chupa ilihamishiwa nje ya mji, na malori yakawa yanapita na kurudi katika vichochoro vilivyojengwa kabla ya kuwako malori. Wenye kiwanda wangeliweza kuhama, na wakuu wa mji wangeliweza kuwafukuza. Halikufanyika lolote kati ya hayo mawili. Mwaka 2016 lilizinduliwa bomba la chini ya ardhi, lenye urefu unaozidi kilomita 3 na uwezo wa kupitisha lita 4,000 kwa saa, linaloichukua bia kutoka kiwandani hadi kwenye chupa. Raia wa kawaida walichangia sehemu ya gharama na kuahidiwa mgao wa bia kwa maisha yao yote. Malori yakapungua, mawe ya njia yakapumzika, na mafundi wakabaki na kazi zao ndani ya mji wao.

Mfano wa tatu ni wa watawa wa monasteri ya Sint-Sixtus, Westvleteren, katika sehemu ya nchi inayolima maua ya hopsi. Bia yao imetafutwa na watu wa dunia nzima, khasa baada ya kutajwa mwaka 2005 kuwa bora kuliko zote. Mfanyabiashara wa kawaida angeliongeza mitambo usiku huohuo. Watawa hawakuongeza. Wao hupika kiasi kinachotosha kuiendesha nyumba yao na ibada yao, basi. Kwa miaka mingi mnunuzi alitakiwa apige simu kuweka miadi, namba ya gari lake iandikwe ili asirudi kabla ya muda uliowekwa, na aahidi kwamba hatauza tena kwa faida; tangu mwaka 2019 miadi huwekwa kwa njia ya intaneti. Mwaka 2012 tu, walipohitaji fedha za kuijenga upya monasteri, waliruhusu kwa muda bia yao iuzwe nchi za nje, kisha wakaufunga mlango. Mwenye mali ndiye aliyeweka sharti, na mgeni ndiye aliyelifuata.

Nako Marekani, katika jimbo la Oregon, uko mji wa Bend, uliokuwa ukiishi kwa viwanda vya kupasua mbao. Mbao zilipokwisha kuwa tegemeo, watu walitafuta njia nyingine. Mwaka 1988 ulifunguliwa kilabu cha Deschutes, kilichopewa jina la mto wa hapo, na vingine vikafuata. Mwaka 2010 ofisi ya utalii ya mji ikaviunganisha vilabu hivyo katika njia moja: mgeni hupewa kitabu kidogo mfano wa pasi ya kusafiria, akagongewa muhuri kila anapopita, na akikamilisha mihuri hupewa zawadi. Ni jambo dogo na la gharama ndogo, lakini limemtoa mgeni kwenye kilabu kimoja kikubwa na kumfikisha kwenye vidogo vingi.

Ukiitazama mifano hii kwa pamoja, utaona mambo manne. Kwanza, kinachouzwa ni kitu cha mahali penyewe, kikiwa na historia yake na watu wake, wala si kitu kinachopatikana kila bandari. Pili, mgeni huonyeshwa kazi inavyofanyika, naye hulipa kwa kuiona kazi hiyo kama anavyolipa kwa bidhaa. Tatu, siku, saa, bei na masharti hutangazwa mapema na hayabadiliki ovyo. Nne, usafiri umefikiriwa. Anayeonja hategemewi kuendesha gari, bali hupewa gari-moshi, basi au njia ya kutembea kwa miguu.

Lakini tusiihadithie habari hii kana kwamba haina upande wa pili. Viwanda vingi vya Marekani vilivyokuwa vikisifiwa vimekwisha kufungwa: BridgePort cha Portland kilifungwa mwaka 2019, na Anchor cha San Francisco, chenye asili ya mwaka 1896, kilisimamisha kazi mwaka 2023. Mji wa Bend umeona bei za nyumba zikipanda hata mfanyakazi wa kawaida akashindwa. Na viongozi wa Brugge, mwaka 2019, walitangaza kwamba wangepunguza meli za watalii zinazofunga gati kwa wakati mmoja katika bandari ya Zeebrugge, na kuacha kuutangaza mji kwa wageni wa kutwa, kwa kuwa wageni hao huwajaza watu njia na kuondoka bila ya kuacha faida ya maana. Mkazi wa Nungwi au Paje, aliyeona ardhi ya pwani ikibadilika mbele ya macho yake, atalifahamu onyo hili bila ya mkalimani.

Sasa sisi tunacho nini? Tunayo karafuu, mdalasini, kungumanga, hiliki, pilipili manga na mchaichai. Kila siku magari huwachukua wageni kutoka mjini na mahotelini kwenda Kizimbani, Kidichi na Dole kuona mashamba ya viungo. Ni kazi njema, na vijana wengi wanapata riziki kwayo. Hata hivyo yafaa tujiulize: mkulima mwenye mti anaopigia picha mgeni hupata nini mkononi? Je, bei ya kuzungushwa shambani ni moja na inajulikana, au hutegemea mgeni amekutana na nani mlangoni? Na je, mgeni huambiwa kabla ya kuondoka kwao ni mwezi gani karafuu huchumwa na kuanikwa, ili naye aipange safari yake kwa msimu huo kama mwenzake anavyoupanga msimu wa kupika bia wa Brussels?

Tena kuna Pemba. Karafuu nyingi za nchi hii hutoka Pemba, lakini mgeni anayekuja kwa ajili ya viungo huishia Unguja. Kule Wawi, karibu na Chake Chake, kipo kiwanda cha Serikali kinachokamua mafuta ya makonyo na ya mimea mingine. Pale kuna moto, mvuke, harufu, na wafanyakazi wanaoijua kazi yao. Kwa maoni yetu, mahali hapo hapapungukiwi na chochote kilichomo katika kiwanda cha Cantillon isipokuwa mpango: siku maalumu za wageni, kiingilio kinachojulikana, mtu wa kueleza, chupa ndogo za kununua, na ratiba inayolingana na boti na ndege. Kiunganishwe na shamba la mkulima, na nyumba inayopika halua, na akina mama wa mwani, na mgeni agongewe muhuri wake kila kituo. Huo ndio ungekuwa msafara wetu, usiomlazimisha mwenyeji kuvunja mwiko wake ili apate chakula cha watoto.

Juu ya pombe yenyewe, neno moja halina budi kusemwa. Mwezi wa Januari 2024 mahoteli yetu yalikumbwa na upungufu mkubwa wa vinywaji hivyo kufuatia mabadiliko ya vibali vya waingizaji, na bei zikapanda. Asiyekunywa anaweza kusema halimhusu. Linamhusu, kwa sababu mtoto wake ndiye mhudumu wa hoteli hiyo na jirani yake ndiye anayeiuzia samaki. Serikali ikiamua kuruhusu, na iruhusu kwa utaratibu ulio wazi, unaotangazwa mapema na kuwapa wahusika muda wa kujitayarisha. Ikiamua kuzuia mahali fulani, karibu na skuli, msikiti au makazi ya watu, na izuie kweli, na sheha aungwe mkono anaposimamia amri hiyo. Kinachoumiza ni kuwa na amri isiyojulikana, leo hivi na kesho vile, ambayo mgeni haielewi na mwananchi haiheshimu.

Kwa hiyo tunawaomba wahusika wa utalii, kilimo na biashara wakae meza moja, maana mti wa karafuu hauijui mipaka ya wizara. Itolewe kalenda ya mwaka inayoonyesha msimu wa kila zao. Iwekwe bei moja ya ziara ya shamba, na sehemu ya mkulima itajwe kwa maandishi. Vijana wanaotembeza wageni wasomeshwe historia ya mazao haya, pamoja na habari chungu ya kazi ya utumwa katika mashamba ya karafuu ya karne ya 19, kwani mgeni mwenye akili hataki kuonjeshwa tu, anataka kuelezwa. Na masheha wawashirikishe wananchi katika kuamua ni wageni wangapi kijiji kinaweza kuwapokea bila ya kupoteza heshima na utulivu wake.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wengi hulitamka neno hilo wakiangalia nusu yake ya kwanza tu. Mgeni yuko njiani, na safari yake ameipanga tangu kwao. Kupona kwa mwenyeji hakuji pamoja na mizigo ya mgeni. Hutengenezwa hapahapa, ofisini, shambani na barazani, kabla ndege haijatua.